Baba amegeuka manjano, na dawa ya jino alishaimaliza zamani

Dada Mfamasia,

Shikamoo. Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto wanne, kwetu ni Muheza, mkoani Tanga. Naandika kwa ajili ya baba yetu, mwalimu mstaafu mwenye miaka 69, kwa sababu anaumwa na nyumba haina amani.

Mwezi uliopita mwanzoni baba alivimba shavu kwa ajili ya jino la chini. Ilikuwa Jumapili, akaenda duka la dawa, akapewa vile vidonge vikubwa vya 625, kimoja asubuhi na kimoja usiku kwa siku saba. Alivimaliza vyote kama alivyoelekezwa. Uvimbe ukaisha, jino likang'olewa baadaye, tukasahau habari yake.

Karibu wiki tatu baada ya kumaliza dozi akaanza kuwashwa. Hana upele wala vipele, ngozi ni safi kabisa, lakini viganja na nyayo zinamwasha hadi anakosa raha. Usiku ndiyo balaa. Anakaa kitandani anajikuna kwa gunzi la mahindi mpaka shuka linakuwa na madoa ya damu. Tukadhani kunguni, tukatoa magodoro juani. Akanunuliwa Piriton, ikampa usingizi kidogo lakini kuwashwa kuko palepale. Kisha mama akaona mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na choo kikubwa kimepauka, rangi ya majivu. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kusema, "Babu, mbona macho yako ya njano?"

Tulimpeleka kituo cha afya. Malaria hakuna, homa ya ini B hakuna, C hakuna. Karatasi ya kipimo cha ini inasema bilirubini 164, ALP 612, ALT 118, AST 84. Daktari akatuambia twende hospitali kubwa akapigwe altrasaundi. Hatujaenda, maana hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kaka yangu anasema hiyo ni pombe. Ni kweli baba aliwahi kunywa, lakini aliacha miaka mingi iliyopita alipoambiwa ana presha. Kaka anashikilia kwamba anakunywa kwa siri. Mama naye ameanza kunusa vikombe vyake. Baba amenyamaza, hata chakula anakula peke yake chumbani. Shangazi anasema nyongo imemwagika kwenye damu, ameleta chupa ya mitishamba ya kusafisha ini, nusu kikombe asubuhi na jioni, na ameshaanza kuinywa. Mimi nilipotaja vidonge vya jino walinicheka wote. Dawa iliyokwisha itamdhuru vipi mtu? Hata muuzaji wa duka la dawa alisema hiyo ni dawa salama, watoto wadogo wanapewa.

Naomba unisaidie, dada. Je, inawezekana ikawa ni ile dawa? Aendelee na chupa ya shangazi? Anatumia amlodipini ya presha kila siku, aiache? Na je, ini lake litapona?

Binti wa Mwalimu, Muheza


Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na umpe pole baba.

Nianze na lile lililokufanya uchekwe. Ndiyo, dawa iliyokwisha inaweza kuumiza ini, na hiyo ya 625 inajulikana sana duniani kwa jambo hilohilo. Ndani ya kidonge kile kuna dawa mbili: amoksilini miligramu 500 na asidi ya klavulaniki miligramu 125. Hii ya pili ndiyo inayoshukiwa zaidi. Taarifa za watu kupata manjano baada ya kutumia mchanganyiko huu zilianza kuonekana kwenye majarida ya kitabibu mwaka 1988, na tangu hapo mgonjwa anayeelezwa ni yuleyule: mtu wa umri mkubwa, mara nyingi mwanamume, aliyemaliza dozi yake salama, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza kuwashwa na mkojo ukabadilika rangi. Dalili zinaweza kuchelewa hata wiki sita baada ya kidonge cha mwisho. Watu wengi hawaunganishi mambo hayo mawili, na ndiyo maana nimefurahi kwamba wewe uliyaunganisha.

Lakini kufanana na wagonjwa hao si uthibitisho. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa jibu kwamba hii ni dawa. Daktari hulifikia jibu hilo kwa kuondoa mengine kwanza, na kwa mzee wa miaka 69 mwenye manjano bila maumivu ya tumbo, hayo mengine ni mazito: jiwe lililokwama kwenye mrija wa nyongo, au uvimbe kwenye kongosho unaoubana mrija huo kwa nje. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia kwa sababu altrasaundi mmeshaichelewesha, na hiyo ndiyo inayogawa njia. Ikionyesha mirija ya nyongo imetanuka, kuna kitu kimeziba huko chini na baba atahitaji madaktari wa upasuaji haraka. Ikionyesha mirija ni ya kawaida, tatizo huenda liko ndani ya ini lenyewe, na hapo dawa inakuwa mshukiwa mkuu.

Kwa hiyo ugomvi usubiri. Nendeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga, kesho asubuhi. Baba asile kitu tangu usiku, kwa sababu mfuko wa nyongo hujikunja mtu akishakula na hauonekani vizuri. Maji kidogo na kidonge chake cha presha anaweza kunywa. Bebeni kila alichomeza ndani ya miezi mitatu iliyopita: boksi la vile vidonge vya jino hata kama ni tupu, Piriton, amlodipini, dawa za maumivu kama alitumia, na chupa ya shangazi. Andika kwenye karatasi tarehe aliyoanza kila dawa, tarehe aliyomaliza, na siku alipoanza kuwashwa. Katika ugonjwa huu karatasi hiyo ina uzito sawa na kipimo, na ndugu wengi hufika hospitali bila hiyo.

Sasa nikueleze kinachotokea, ili nawe uweze kuwaeleza nyumbani.

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, zaidi ya nusu lita kwa siku. Kila chembe ya ini ina upande unaotazama kijifereji chembamba mno, na kwenye ukuta wa upande huo kuna pampu ndogo za protini zinazosukuma chumvi za nyongo kutoka ndani ya chembe kwenda kwenye kijifereji. Vijifereji huungana vikawa mirija, na mirija ikawa mmoja mkubwa unaomwaga kwenye utumbo mdogo. Huko chumvi hizo hukata mafuta ya chakula kama sabuni inavyokata mafuta ya sufuria. Sabuni hiyo ikikosa pa kutokea, inajaa ndani ya chembe za ini, na kuta za chembe nazo zimejengwa kwa mafuta. Ini linaanza kuunguzwa na nyongo yake lenyewe.

Dawa hufika kwenye balaa hilo kwa njia zaidi ya moja. Kuna zinazozibana zile pampu zisifanye kazi; homoni ya estrojeni iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango hufanya hivyo kwa wanawake wachache, na vidonge vya kujaza misuli wanavyomeza vijana wa jimu hufanya hivyo kwa ukali zaidi. Hapo ini linaweza lisiwe na uvimbe mkubwa, ila nyongo haitoki. Njia nyingine ndiyo ninayoishuku kwa baba: dawa, au mabaki yake, huamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo ikaigeukia mirija midogo ya nyongo na chembe zilizo jirani. Kinga inahitaji muda kujipanga, ndiyo maana ugonjwa unakuja wakati dawa yenyewe ilishatoka mwilini zamani. Dawa ya bakteria inayoitwa flukloksasilini hufanya vilevile, na kloropromazini, dawa ya magonjwa ya akili, ilijulikana kwa manjano ya aina hii tangu miaka ya 1950.

Muuzaji wa dawa hakukudanganya aliposema watoto wanapewa. Watu wengi mno huitumia na hawapati chochote. Utafiti mmoja wa Iceland uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta madhara ya ini kwa mtu 1 kati ya takriban 2,350 walioandikiwa dawa hii nje ya wodi. Waliozaliwa na aina fulani za vinasaba vya kinga ndio walio hatarini zaidi, na hakuna mtu anayejijua kwa kujitazama. Baba hakukosea kumeza, na alimaliza dozi kama alivyoambiwa. Ninacholalamikia mimi ni kwamba hakuna aliyemuuliza umri wake wala kama ini lake liliwahi kumsumbua, na hakuna aliyemwambia: ukianza kuwashwa au mkojo ukibadilika rangi, hata baada ya mwezi mzima, rudi. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja dirishani.

Dalili zake zote zinatoka kwenye njia hiyo iliyozuiwa. Bilirubini ni rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na kawaida hutoka pamoja na nyongo. Rangi ya choo kikubwa hutokana nayo. Isipofika utumboni, choo kinapauka. Ikirudi kwenye damu, macho yanakuwa manjano na figo zinaitoa kwenye mkojo. Kuwashwa nako kunaletwa na vitu vilivyopaswa kutoka na nyongo, ambavyo sasa vinazunguka mwilini na kusumbua mishipa ya fahamu. Huo si mzio wa kawaida wa ngozi, na ndiyo sababu Piriton inamlaza tu bila kumtuliza. Tena msimwongezee, maana dawa za usingizi kwa mzee ambaye ini lake halijulikani limeumia kiasi gani zinaweza kuficha dalili mbaya.

Nimezipitia namba ulizoniandikia. ALP, ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoongezeka kwenye damu ini au mirija ya nyongo ikiumia. Viwango vya juu vya kawaida hutofautiana kidogo kati ya maabara na maabara, lakini kwa ALP ni kama 120 na kwa ALT ni kama 40. ALP ya baba ya 612 ni mara tano ya kawaida. ALT ya 118 ni kama mara tatu. Madaktari hugawanya hiyo ya ALT kwa hiyo ya ALP, yaani tatu kwa tano, na jibu likiwa chini ya 2 wanasema jeraha hili ni la nyongo kutotoka. Likizidi 5, wanasema ni chembe za ini zenyewe zinazokufa. La baba ni kama 0.6. Bilirubini ya 164 iko juu sana, na pekee inatosha kumfanya aonwe na daktari mkubwa wiki hii.

Halafu kuna AST, na hapa naomba mama na kaka wasome pamoja nawe. Ini lililoharibiwa na pombe kwa kawaida huonyesha AST kubwa kuliko ALT, mara nyingi hata maradufu. Ya baba ni kinyume: AST 84, ALT 118. Namba hizi peke yake haziwezi kuapa kwamba mtu hajagusa glasi, lakini hazina sura ya ini la mlevi, na hakuna chochote kwenye karatasi hiyo kinachompa kaka yako haki ya kumwita baba mwongo. Mama aache kunusa vikombe. Na kabla hamjapanda gari kwenda Tanga, mtu mmoja wenu, ikiwezekana kaka mwenyewe, amwambie mzee kwamba mnamwamini. Sisemi hivi kwa ajili ya adabu tu. Mgonjwa anayejiona yuko kizimbani hukaa mbele ya daktari akajibu nusunusu, na daktari anahitaji kusikia kila alichokunywa na kumeza bila aibu.

Chupa ya shangazi isimamishwe leo. Najua ameileta kwa upendo, na mumshukuru kwa kumjali kaka yake. Lakini hatujui kilichomo, mitishamba kadhaa yenyewe huumiza ini, na ini lililoelemewa halipaswi kupewa kazi nyingine. Kuna shida ya pili: namba zikipanda wiki ijayo, hakuna atakayeweza kujua kama ni dawa ya jino au ni chupa. Mwambie shangazi kwamba amesema kweli kwa sehemu, nyongo kweli imeingia kwenye damu, na kinachotakiwa sasa ni kujua ilizuiwa wapi. Glukosi mnayompa, kama mnampa, haimdhuru asipokuwa na kisukari, ila haifungui chochote.

Amlodipini asiiache kwa uamuzi wa nyumbani. Dawa aliyoitumia miaka mingi bila tatizo ni mara chache iwe ndiyo iliyoanzisha jambo hili ghafla, na presha ikipanda kwa mzee huyu tutaongeza janga juu ya janga. Daktari akiamua kuibadilisha ataibadilisha. Kwa maumivu, asimeze diklofenaki wala ibuprofeni, na paracetamol aulizie kiasi kwanza. Antibayotiki yoyote asipewe kabla daktari hajajua habari hii.

Mwombe daktari apime pia uwezo wa damu kuganda. Vitamini K hufyonzwa kwa msaada wa nyongo, na nyongo isipofika utumboni damu inaweza kushindwa kuganda vizuri. Hilo likionekana, sindano ya vitamini K mara nyingi hulirekebisha.

Matibabu ya jeraha lenyewe, ikithibitika ni dawa, kwa sehemu kubwa ni kuacha ini lijitengeneze huku likipimwa mara kwa mara. Hakuna dawa ya kulipindua. Kwa kuwashwa kuna unga uitwao kolestiramini unaozinasa chumvi za nyongo utumboni. Akiandikiwa, dawa nyingine anywe saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baada yake, la sivyo unga utazinasa nazo. Wengine huandikiwa asidi ya ursodioksikoliki. Nyumbani, maji ya baridi kidogo kabla ya kulala, mafuta mwilini yasiyo na manukato, shuka jepesi la pamba, na kucha zikatwe. Gunzi mlitupe, vidonda vinaingia vijidudu.

Umeuliza kama ini litapona. Wengi wa wenye jeraha la aina hii hupona kabisa. Manjano huchukua wiki kadhaa kuisha, na ALP huweza kuchukua miezi kurudi chini, kwa hiyo msikate tamaa kipimo cha pili kikibaki juu. Wachache, hasa wazee, huumia zaidi, na kuna wachache mno ambao mirija yao midogo hupotea na ugonjwa ukawa wa kudumu. Ndiyo maana ufuatiliaji hauachwi eti kwa sababu macho yameshakuwa meupe. Akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku akiongea visivyoeleweka, kutoka damu kwenye fizi, kuvimba tumbo, kutapika bila kukoma, au kupata homa na kutetemeka pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, ni dharura, hata iwe saa nane za usiku.

Wapo wengine wanaosoma hapa na ningependa wasikie. Mama uliyewahi kuwashwa viganja na nyayo vibaya sana ukiwa mjamzito, mweleze mtoa huduma kabla hujachukua vidonge vya uzazi wa mpango, maana ini lako limeshaonyesha kwamba halipatani na estrojeni nyingi. Na nyie mnaotumia dawa za kifua kikuu, mkojo wa rangi ya chungwa unaletwa na rifampisini, nao si ugonjwa, tazameni macho. Macho yakiwa manjano, au kichefuchefu na uchovu vikizidi, rudini kliniki siku hiyohiyo.

Turudi kwa baba. Daktari akithibitisha, hatakiwi kuipata dawa hiyo tena maishani, kwa sababu mara ya pili madhara yanaweza kuja haraka na kwa nguvu zaidi. Iandikwe kwa wino kwenye daftari lake la kliniki, kwa jina la dawa na si kwa "ile ya 625," maana inauzwa kwa majina mengi ya biashara. Watoto wote wanne mjue jina hilo, na mama pia. Kama amoksilini peke yake inaweza kuruhusiwa siku za mbele, hilo aamue daktari aliyemtibu. Kisha muombe hospitali itume taarifa ya madhara kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ni haki yenu, hamtozwi kitu, na haimshtaki mtu yeyote. Majibu ya altrasaundi yakitoka niandikie, na uniambie mirija imetanuka au haikutanuka, niweze kukuambia cha kuuliza kinachofuata.

Dada yako, Mfamasia